Kinga Si Ngome: Sitiari Moja na Vifua vya Wachimbaji

Tumezoea kuieleza kinga ya mwili kwa lugha ya vita: chembe nyeupe za damu ni askari, vimelea ni maadui, mwili ni ngome. Sitiari hii imefundisha wengi, nami siibezi. Lakini katika machimbo ya dhahabu inapotosha, na upotoshaji wake una gharama.

Mchimbaji anayetoboa mwamba Rwamagasa, au anayesimama kando ya karasha Mwakitolyo, huvuta vumbi lenye silika. Punje ndogo mno hufika ndani kabisa ya mapafu, ambako seli za ulinzi huzimeza. Silika haimeng'enyeki. Seli hufa, na katika kufa hutoa ujumbe wa kemikali kuziita nyingine. Zinazoitika humeza punje zilezile, nazo hufa zikiita. Pafu hubaki na makovu yasiyofutika, ndiyo silikosisi. Hapa hakuna adui aliyevamia: madhara yametokana na mwito usiokoma.

Bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, huishi ndani ya seli hizohizo. Zikishadhoofishwa na silika, hushindwa kumdhibiti. Hivyo pafu lenye mchochota mwingi ndilo lenye ulinzi hafifu. Ujumbe uitwao TNF unathibitisha jinsi mambo haya yalivyofungamana: ukizidi, huunguza viungo vya wenye baridi yabisi; ukizimwa kwa dawa, kifua kikuu kilicholala chaweza kuamka, kama madaktari walivyobainisha mwaka 2001.

Ndiyo maana msemo "kuongeza kinga" unanikera. Humfanya mchimbaji anunue chupa ya dawa ya mitishamba, ilhali anachohitaji ni maji ya kulowesha mwamba kabla ya kuutoboa, na kupimwa makohozi akikohoa wiki mbili. Matibabu ya kifua kikuu nchini ni bure. Kuchelewa ndiko ghali.

Wasukuma wana neno mwano: yowe la hatari linalowaita wanakijiji. Mwano hufaa ukipigwa kwa sababu, ukaitikiwa kwa kiasi, kisha ukanyamaza. Ukipigwa usiku kucha, wanaokuja kuokoa ndio watakaoyakanyaga mashamba. Napendekeza kwa washairi, wafasiri na waandishi wa vipeperushi vya afya: tuwapumzishe askari, tumweleze mchimbaji habari za mwano. Ataelewa upesi kwamba afya ya kifua chake haimo katika wingi wa walinzi, bali katika kuliondoa vumbi linalowaita bure.