Kipimo cha haki na ardhi iliyo salama: funzo la gulioni Kisanga

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t), aliyeifanya ardhi kuwa tandiko na akatoa humo riziki za waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye aliijua biashara kabla ya kupewa utume, na baada ya kupewa akaifundisha kwa adabu zake. Ndugu wasomaji, juma hili tunaomba tulizungumze jambo ambalo kila nyumba hulifanya, lakini ni nyumba chache hulitafakari, nalo ni namna tunavyonunua chakula chetu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja ya gulio hapa Kisanga, wilayani Kilosa, tulitoka nyumbani tukiwa na haja ya gunia la mahindi. Hatukufika sokoni. Njiani tulimkuta mzee mmoja amekaa kando ya gunia lake akisubiri usafiri. Gunia lilikuwa limeshonewa kilemba juu, ile lumbesa tunayoijua sote. Tukamwamkia, tukamuuliza bei. Akataja bei ya gunia la kawaida, tena ya chini kuliko ile tuliyokwisha kuisikia kutoka sokoni asubuhi ile. Hatukumweleza. Tukalipa, tukapakia, tukarudi nyumbani tukijipongeza kwa kupata rahisi.

Jioni yake tukapima. Gunia la kawaida huhesabiwa debe sita. Lile lilitoa debe saba na nusu. Bibi yetu, aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akatuuliza kwa upole: “Wanangu, debe hii moja na nusu ni ya nani?” Hatukuwa na jibu. Gulio lililofuata tulimtafuta yule mzee, tukamlipa tulichokuwa tumepunguza na kumwomba radhi. Alipokea, akatuombea dua. Lakini swali la bibi halijatutoka mpaka leo, na ndilo lililotusukuma kuandika safu hii.

Tulipoirejea dini yetu, tuliona kwamba tulichokifanya kina jina lake. Katika hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alikataza watu kuutokea msafara wa bidhaa njiani na kununua kabla haujafika sokoni. Sababu yake ni dhahiri: mwenye mali anayetoka mbali haijui bei ya sokoni, na anayemlaki njiani anajua asichokijua mwenziwe. Katika mapokezi ya Muslim, muuzaji aliyenunuliwa hivyo amepewa hiari ya kulivunja agano pindi afikapo sokoni. Vilevile mkazi wa mjini alikatazwa kumuuzia mtu wa bara mali yake, na Ibn Abbas (r.a) alipoulizwa maana yake alieleza kuwa ni kutokuwa dalali wake. Wanachuoni wamelijadili kwa urefu suala la udalali, na si makusudio yetu kuharamisha kazi ya kila dalali mwaminifu. Tunachotaka kionekane ni kwamba sheria ya Kiislamu ilimlinda mkulima mnyonge njiani miaka elfu moja na mia nne iliyopita, na sisi tukamsahau hapa hapa kwenye barabara yetu.

Ama kuhusu kipimo, Qur’ani imeifungua sura nzima, Surat al-Mutaffifin, kwa onyo kwa wale wanaojipimia kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuisoma aya ile tukimfikiria mwenye duka anayegandamiza mizani. Lakini lumbesa ni punjo lile lile likitoka upande wa mnunuzi. Tuchukulie mkulima mwenye magunia kumi, na kila gunia limezidishwa debe moja. Hizo ni debe kumi, yaani zaidi ya gunia moja na nusu, alizolima, alizopalilia na kuzivuna, kisha zikaondoka bila hata shilingi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia hukikausha kibaba cha mwenziwe. Sheria ya Vipimo ya nchi yetu, Sura ya 340, nayo imeiharamisha lumbesa, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiwaonya wafanyabiashara mwaka hata mwaka. Hata hivyo lumbesa ipo, kwa sababu sisi wanunuzi tunaifurahia.

Sasa, ndugu msomaji, angalia jambo ambalo lilitushangaza. Katika Surat Hud, aya ya 84 na 85, Nabii Shu’ayb (a.s) anawaita watu wa Madyan kwenye ibada ya Mungu mmoja, kisha anawakataza kupunguza vipimo na mizani, na papo hapo anawakataza kufanya ufisadi katika ardhi. Mambo haya yamefuatana. Twaweza kujiuliza: kipimo cha sokoni na uharibifu wa ardhi vinahusianaje? Sisi wa Kilosa tuna jibu mbele ya macho yetu. Mkulima aliyepunjwa mavuno hubaki bila akiba. Asiye na akiba, miezi ya njaa ikimkuta kabla ya mavuno mapya, hushika panga na shoka akaingia msituni kukata miti achome mkaa, au husogeza shamba lake hadi ukingoni mwa mto. Miti ikiondoka, udongo huchukuliwa na mvua, vijito hukauka mapema, na mavuno ya mwaka ujao hupungua. Punjo la sokoni limekwisha kuwa jeraha la ardhi.

Na iwapo mkaa tumeutaja, hatuna budi kuusemea, maana nao tunaununua kila juma pamoja na unga. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya yetu, miongoni mwao Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, viliingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioongozwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Utaratibu wake unafahamika kwa urahisi. Kijiji hutenga msitu wake kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sehemu tu ya msitu huo huwekwa kwa ajili ya mkaa, nayo hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja huvunwa, cha jirani huachwa, mfano wa ubao wa dama, na kilichovunwa hupumzishwa takriban miaka 24. Visiki having’olewi, bali huachwa vichipue upya. Mchomaji hulipa ushuru kwa kijiji chake, na kwa fedha hizo vijiji vimejenga madarasa na zahanati na kuboresha maji. Basi mtu anaponunua gunia la mkaa lenye kibali cha kijiji na anayenunua la wizi uliofanyika usiku, wote wawili watapika wali mmoja, lakini mmoja amejenga darasa na mwingine amelipia jangwa.

Liko jambo jingine zito zaidi, nalo ni amani. Wilaya yetu haitausahau Desemba mwaka 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ambapo watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Allah awarehemu waliotangulia. Hatusemi kwamba gulio peke yake lingeyazuia yale. Migogoro ya ardhi na maji ina mizizi mirefu na inahitaji viongozi waadilifu. Tunasema tu tunachokiona: mama wa Kimasai anapoleta kibuyu chake cha maziwa, akampimia mke wa mkulima, kisha naye akarudi bomani na mahindi ya mkulima yule, kila mmoja amekuwa na haja na uhai wa mwenziwe. Tukiacha maziwa yale na kununua ya pakiti yaliyosafiri mamia ya kilomita, tunakata uzi mmojawapo wa ile kamba inayotufunga pamoja. Maziwa yachemshwe vizuri, ndiyo, kwa usalama wa watoto, lakini yanunuliwe.

Baada ya kuyasema haya, tumejiwekea taratibu nyumbani mwetu, nasi tunazileta kwenu kwa njia ya kushauriana.

Kwanza, tununue sokoni, bei ikiwa wazi kwa wote. Ikibidi kununua njiani au shambani, tumweleze muuzaji bei ya siku ile kabla ya kutaja yetu. Kumweleza huko ni nasaha ambayo Muislamu anamdai Muislamu mwenziwe, na asiye Muislamu ana haki ya kutendewa uadilifu ule ule.

Pili, tuikatae lumbesa. Tupime kwa mizani, au kwa debe na kisado kilichosawazishwa juu. Muuzaji akituongezea kwa hiari yake, hiyo ni hisani yake na Allah amlipe. Lakini tusimdai, wala tusimnunie asipotuongezea.

Tatu, tufuate misimu na vilivyo karibu. Mahindi, mbaazi na ndizi tunazo hapa hapa. Vitunguu vinatoka Malolo na Ruaha Mbuyuni, mwendo mfupi kutoka Mikumi kwa barabara ya Iringa. Nyanya zikijaa sokoni, tununue nyingi tuzianike juani, kuliko kuziacha zioze kwa mkulima kisha tuje kuzitafuta kwa bei ghali.

Nne, tubebe kapu la ukindu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vifuko vyepesi bado tunavikuta mitaroni. Kapu moja hudumu miaka, na aliyelisuka ni mama wa kijijini mwetu.

Tano, kwa wenye uwezo, tuache kununua mazao machanga yakiwa shambani kwa bei ya kumkamia mwenye shida. Mtume (s.a.w) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kuiva kwake, na akahoji ni kwa haki gani mtu atachukua mali ya nduguye iwapo Allah atayazuia matunda yale. Iko njia ya halali, nayo ni salam: mnunuzi hulipa fedha zote mapema, na mkulima huahidi kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mkulima hupata fedha za palizi bila riba, na mnunuzi hupata chakula kwa bei nafuu. Yaandikwe mbele ya mashahidi.

Tunajua wako watakaosema: “Nyumba zetu zenyewe ni za dhiki, mtatutaka tulipe zaidi ili kumsaidia mwingine?” Swali ni la haki. Nasi twajibu kwamba hatujamwambia mtu atoe sadaka sokoni, ila asichukue kisichokuwa chake. Aghalabu gharama tunazozilalamikia hutokana na israfu yetu: wali unaomwagwa baada ya shughuli, mboga zinazoozea kapuni, maandazi ya jana yanayorushiwa kuku. Majirani watatu wakichanga wakanunua gunia moja kwa kipimo cha haki, kila mmoja atalipa chini ya bei ya kununua kilo kilo dukani, na hakuna aliyepunjwa.

Tumalizie kwa watoto. Tuwachukue gulioni. Waone mizani ikisimama sawa, wasikie salamu ikitangulia bei, wamjue kwa jina mama aliyeilima mchicha wanaoula. Mtoto aliyelelewa hivyo hatahitaji hotuba ndefu juu ya utunzaji wa mazingira. Atajua kwamba nyuma ya kila kisado kuna mtu, na nyuma ya mtu huyo kuna ardhi, na juu ya vyote hivyo yuko Mwenye kuona.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waadilifu katika kupima na kupimiwa, utubarikie mvua zetu na mavuno yetu, uipe wilaya yetu amani, wala usituache tukasimama mbele Yako na debe za watu mabegani mwetu. Amin.