Mwalimu Mkuu Akiuliza, Tumjibu Kweli

Ndugu msomaji, katika shule nyingi za mijini kuna kundi la watoto wanaofika baada ya kengele kulia. Dawa iliyozoeleka ni adhabu. Juma likipita, wachelewaji ni wale wale.

Iko njia nyingine ya kujifunzia uongozi wa shule, nayo huitwa utafiti tendaji. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliieleza katika makala yake ya mwaka 1946. Mwaka 1953 Stephen Corey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa kitabu juu ya matumizi yake shuleni. Msingi wake ni kwamba mtenda kazi mwenyewe ndiye mtafiti: hulichunguza tatizo, hupanga hatua, huitekeleza, hupima matokeo, hurekebisha, kisha huanza tena.

Tuchukue mfano. Mwalimu mkuu aweke daftari langoni kwa majuma mawili, aandike jina, saa na sababu. Huenda akagundua kwamba baadhi ya watoto hukataliwa na makondakta wa daladala kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Wengine huwapeleka kwanza wadogo zao kwa bibi, maana wazazi wameondoka alfajiri kwenda kazini. Hayo ni matatizo mawili, na hakuna hata moja linalotibika kwa fimbo. Ndipo akae na walimu na kamati ya shule, wajaribu hatua moja. Baada ya mwezi daftari lirudi langoni, lionyeshe kama wachelewaji wamepungua.

Semina zina manufaa yake, lakini wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkufunzi wa semina hakilalii kitanda hicho. Mwalimu mkuu hukilalia kila siku.

Hata hivyo, kazi hii hufa pasipo uaminifu. Mtoto akiadhibiwa kwa jibu alilolitoa, kesho atadanganya, na daftari zima litakuwa la uongo. Basi mwalimu awalinde wanaosema kweli. Nasi wazazi tusione haya kukiri kwamba ni sisi tuliomtuma mtoto asubuhi ile. Anayekosa kipindi cha kwanza kila siku huachwa nyuma na wenzake, na kulipa deni hilo ni kazi ya miaka.

Karatasi ya maswali ikiletwa nyumbani, ndugu msomaji, ijaze kwa kweli, kisha uirudishe.