Gari la mbio Jumamosi, la watoto Jumatatu

Tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, gari hilo limekuwa na wapenzi wengi nchini Kenya. Siku hizi baba hununua Impreza WRX iliyotumika Japani, akapeleka watoto shuleni wiki nzima, kisha Jumamosi akaenda nayo uwanja wa mbio kuona nguvu zake. Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba gari linalosimama vizuri kwenye foleni litasimama vivyo hivyo baada ya mizunguko kumi ya kasi.

Vijana wengi huanza na ekzosi. Fundi mzoefu huanza na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kidogo kidogo. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hustahimili angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mfumo, dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini, na gari halisimami. Kwa hiyo yabadilishwe kabla ya siku hiyo, na pedi zilizolika zisiende uwanjani.

Oili ya injini nayo ipimwe. Kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja. Ikiwa imepungua, pampu huvuta hewa na beringi hufa kwa muda mfupi. Ijazwe hadi alama ya juu, isipite.

Tairi zikaguliwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hueleza umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwani zikipata joto upepo hupanda. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya awamu ya kwanza.

Kiti cha mtoto, jeki na vikorokoro vyote vitolewe. Chupa moja ya maji ikibingirika chini ya pedali ya breki inatosha kuleta msiba.

Jambo linalosahauliwa ni mazungumzo ya nyumbani. Bima nyingi hazilipi ajali ya mashindano au ya uwanja wa mbio. Mume na mke wausome mkataba pamoja na wakubaliane bajeti ya mchezo huo mapema, ili fedha za pedi na tairi zisichotwe kwenye karo.

Uwanjani, mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole ili breki zipoe. Gari likiegeshwa lingali na joto, handibreki isivutwe. Liachwe kwenye gia na kuwekewa kigingi.

Jumapili ni siku ya ukaguzi: magurudumu yafunguliwe, pedi, diski na tairi zitazamwe, oili ipimwe. Pedali ikiwa laini kuliko ilivyokuwa Ijumaa, gari lisitoke. Jumatatu asubuhi watoto wapande basi, na baba awaambie sababu bila kuona haya. Watakuwa wamejifunza kwake jambo kubwa kuliko kasi.