MWISHO WA JUMA BILA REFA: WATOTO WETU WAENDAPO RUMONGE KUCHEZA



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tuna neno zito kidogo. Tunaomba msituchukie, kwani tunajisema na sisi wenyewe.

Ijumaa moja tulifuatana na timu ya mpira ya wanafunzi kutoka Bujumbura kwenda Rumonge kwenye mashindano ya siku tatu. Basi liliondoka saa nne asubuhi, likapita Kabezi, Magara na Minago, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Vijana waliimba njia nzima. Kufika Rumonge tukaambiwa mechi ya kwanza ni saa sita na nusu mchana. Ijumaa! Adhana inasikika, na watoto wetu wanafunga viatu vya mpira. Mdogo wao mmoja akauliza: "Mwalimu, na swala ya Ijumaa je?" Akajibiwa: "Sisi ni wasafiri, bwana mdogo. Tutalipa jioni."

Jioni hakuna aliyelipa. Jumamosi Alasiri ikapotea katikati ya mechi mbili. Usiku simu zikawaka mpaka saa nane, na Alfajiri ya Jumapili, kati ya vijana kumi na wanane waliamka watatu. Baada ya fainali wakajitupa ziwani, na mmoja wao asiyejua kuogelea akatolewa na wavuvi waliokuwa wakikausha nyavu zao. Allah awalipe kheri wavuvi wale! Tuliporudi mjini wazazi walikuwa wanasubiri, na kila mmoja aliuliza swali moja tu: "Mmeshinda?" Hatukumsikia hata mmoja aliyeuliza: "Mmeswali?"

Na sisi tulikuwepo siku zote tatu, tukanyamaza. Ndiyo maana tunaandika.

JE, MPIRA NDIO WENYE KOSA?

Wapo watakaosoma haya na kusema: "Tulisema sisi! Mpira ni upuuzi, wafungieni watoto ndani." Hapana, ndugu zetu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (Radhiya Allaahu 'anha), na imepokewa kuwa alipigana mieleka na Rukana. Amefundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, na wote wana kheri. Mtoto anayekatazwa uwanja hawi mcha Mungu kwa sababu hiyo; mara nyingi huutafuta uwanja kwa siri, na huko hana mtu wa kumwambia neno. Mpira hauna kosa. Kosa ni la sisi wakubwa tunaopanga safari na kusahau kumpangia Mola wetu nafasi yake.

KISINGIZIO CHA SAFARI

"Sisi ni wasafiri." Tulipime neno hili. Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni kilomita sabini na kitu. Masafa ya kupunguza swala katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki tunayafuata, wanazuoni wameyakadiria kuwa zaidi ya kilomita 80. Basi hata ruhusa yenyewe hapo ina mashaka, waulizeni mashekhe wenu. Lakini tuseme timu imetoka mbali zaidi, Gitega au Ngozi. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Hakupewa ruhusa ya kuacha! Vipi ruhusa ya rakaa mbili imegeuka ruhusa ya rakaa sifuri? Na Rumonge si jangwa. Ni mji wa Waislamu wa tangu zamani, wenye misikiti, na Kiswahili ndicho lugha ya soko lake. Anayekosa swala Rumonge hakuikosa kwa kukosa mahali.

KISINGIZIO CHA RATIBA

Wengine husema: "Ratiba ilibana." Nchi yetu iko karibu na Ikweta, nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima. Adhuhuri huingia karibu na saa sita, Alasiri baada ya saa tisa kidogo, Magharibi karibu na saa kumi na mbili jioni. Mechi ni dakika 90 na mapumziko dakika 15. Baina ya Adhuhuri na Alasiri kuna saa tatu! Mechi inaingia humo na nafasi inabaki. Waandaaji husimamisha mchezo kwa mvua, kwa mpira uliopotea, kwa mgeni rasmi aliyechelewa. Kwa Allah tu ndio hawana dakika kumi?

Na wachezaji wetu wenyewe hawaombi. Wanaona haya. Subhaanallah! Haoni haya kubishana na refa mbele ya uwanja mzima, anaona haya kusema: "Tunaomba tuswali."

NANI REFA WAKO?

Kuna mchezo wa kurushiana kisahani, watu saba kwa saba, ulioanzishwa na wanafunzi wa sekondari Marekani mwaka 1968, na leo unachezwa mpaka Kenya na Uganda. Jambo lake la ajabu ni kuwa kwa desturi hauna refa. Mchezaji akimgonga mwenzake, wao wenyewe ndio husema kosa na kumaliza. Vijana wasio na dini yetu wameaminiana kiasi hicho juu ya kisahani cha plastiki! Na sisi tunaoamini kuwa Allah anatuona gizani na mwangani, tukishatoka macho ya mama, dini inabaki kituo cha basi?

Safari ya mashindano ndiyo mtihani wenyewe. Baba hayupo, mama hayupo, maalimu wa madrasa hayupo. Hapo ndipo kijana hujijua kuwa alikuwa anaswali kwa ajili ya nani.

TUFANYE NINI?

1. Kabla mzazi hajatoa nauli, aulize ratiba. Kama mechi ni saa ya Ijumaa, wazazi wote waende pamoja kwa waandaaji. Mmoja hudharauliwa, ishirini husikilizwa.

2. Kila safari iwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake si mpira: ni kuamsha Alfajiri, kuhesabu vichwa na kuzima simu usiku.

3. Ziwa si bwawa la kuogea. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, sehemu nyingi ufuo hushuka ghafla, na viboko na mamba wamo. Asiyejua kuogelea asiingie. Na barabara nayo iheshimiwe: Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliikata hapo Gitaza. Msirudi usiku wa mvua.

4. Tazameni jezi. Ligi kuu ya nchi yetu kwa miaka mingi imeitwa kwa jina la bia. Hilo hatukuulizwa, lakini kifua cha mtoto wako unaulizwa wewe.

5. Mabinti nao wana haki ya mazoezi, kwa stara, na mahali pao, na mama zao wakiwa karibu. Msiwanyime kwa uvivu wa kuwaandalia.

Vijana wetu, chezeni. Shindeni, mkiweza. Lakini wavuvi wa Rumonge hawaingii ziwani usiku bila taa, na nyinyi msitoke nyumbani bila yenu.

Na wewe mzazi, basi likirudi Jumapili, uliza la kwanza kwanza.

Wabillaahi tawfiyq.