Kwanza Weka Pasipoti Mezani

Kila mwaka ukikaribia kuisha, kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp ambaye lazima aulize: "Wasee, Paris wiki moja ni ngapi?" Majibu huja mbio. Mmoja anasema laki mbili na nusu. Mwingine anasema ukibana kabisa, laki na themanini. Wa tatu anatuma video ya kijana fulani aliyezunguka nusu ya Ulaya kwa pesa ya kodi ya nyumba. Tunamwaga emoji za ndege, halafu kimya hadi mwaka mwingine.

Mimi nina ugomvi na majibu hayo yote. Hesabu zenyewe zinaweza kuwa sawa, lakini zimeanzia mahali pasipotuhusu. Huanza na tiketi, zikapita hotelini, zikamalizikia kwenye chakula. Hiyo ni bajeti ya mtu ambaye akipata pesa ya tiketi ameshasafiri. Sisi tukipata pesa ya tiketi, ndio kwanza tumefika mwisho wa foleni.

Hebu tupige hesabu kwa mpangilio wetu. Ada ya visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi 29 za Ulaya, ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90 kwa mtu mzima. Tukichukua yuro moja kwa shilingi 150, hiyo ni 13,500. Mtoto wa kati ya miaka 6 na 11 hulipa nusu. Baba, mama, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 8 watalipa yuro 315, yaani shilingi 47,250, kabla yeyote kati yao hajaona wingu kwa juu. Ongeza ada ya kituo kinachopokea maombi. Ongeza bima ya safari, ambayo lazima igharimie matibabu ya hadi yuro 30,000. Ongeza picha, fotokopi, barua ya mwajiri. Na kama unaishi Kisumu, ongeza nauli ya kuja Nairobi kuchukuliwa alama za vidole, pamoja na siku ya kazi uliyoipoteza.

Halafu kuna pesa ambayo huitumii lakini lazima ionekane. Ufaransa imeandika kiwango chake wazi: mgeni mwenye hoteli iliyolipiwa aonyeshe angalau yuro 65 kwa kila siku, na asiye na hoteli yuro 120. Kwa siku saba ukiwa na hoteli ni yuro 455, kama shilingi 68,000. Ukisoma haraka utaona si kiasi cha kutisha. Shida ni kwamba taarifa yako ya benki husomwa kwa miezi kadhaa, na anayeisoma anatafuta pesa iliyotulia.

Sasa nionyesheni kijana wa Nairobi ambaye pesa yake hutulia. Mshahara ukiingia tarehe 28, karo ya mdogo wako imeshapiga hodi, mchango wa matanga umeshatumiwa namba ya paybill, na chama kinangoja zamu yake. Dada anayefanya kazi za mtandaoni hulipwa laki leo, kisha miezi miwili kimya. Mwenye duka la nguo Gikomba huzungusha pesa kila asubuhi, na huko kuzunguka ndiko kunakomlisha. Hawa watu wanaweza kumudu wiki moja Paris. Lakini pesa yao inafanya kazi, na fomu inataka pesa iliyolala.

Tukifika hapo ndipo tunakutana na mstari ambao hakuna video itakuonyesha: ukinyimwa, ada hairudi. Ukiomba tena, unalipa tena. Anayekubaliwa mara ya pili amelipa yuro 180 kwa visa ile ile. Kama hoteli uliilipia kwa bei ya chini isiyorudishwa, hiyo nayo imeenda. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili huweka akiba ya hasara inayoweza kutokea. Sisi hasara hii tunaiita mikosi, tunaifunika. Mtu alituambia anaenda, ghafla akaacha kulitaja, na kwa heshima hatukumuuliza. Heshima hiyo ndiyo inafanya anayemfuata aanze safari yake na bajeti yenye tundu lile lile.

Mlinganishe na Mfaransa anayetaka kuja Diani. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa visa kwa wageni wote, ikaweka kibali cha mtandaoni cha kama dola 30. Anajaza fomu akiwa kitandani, analala. Akiandika kwamba likizo ya Kenya ilimgharimu kiasi fulani, anasema ukweli wake. Kosa ni letu tunapochukua ukweli wake, tukageuza tu majina ya miji, tukauita bajeti.

Na hata shilingi yenyewe haikai. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka karibu na 130. Safari ya dola 3,000 ilikuwa shilingi 480,000, kisha ikawa 390,000, na hakuna mtu aliyepunguziwa hata usiku mmoja hotelini. Aliyeanza kuweka akiba wakati mmoja na aliyeanza wakati mwingine walikuwa na malengo mawili tofauti, ingawa wote walitazama video moja.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na hata sisi tunamtoza mgeni zaidi langoni pale Maasai Mara. Sawa kabisa. Lakini mgeni huyo bei ya Mara anaijua kabla hajafunga begi, na akilipa anaingia. Ningefurahi kulipa bei ghali inayojulikana. Ninachokataa ni kulipia swali, halafu niambiwe nilipe tena nikitaka kuuliza upya.

Wa pili atasema, "Kama elfu kumi na tatu inakuuma, huna pesa ya Ulaya." Huyu ndiye ananikera zaidi, kwa sababu ndiye anayejaza TikTok. Ushauri wake unajulikana: acha kuagiza chakula, pika githeri nyumbani, weka soo tano kila siku, na mwakani utakuwa chini ya Mnara wa Eiffel. Kwa hesabu yake, asiyesafiri hakujibana vya kutosha. Lakini githeri haijawahi kuondoa ada ya visa. Kwa pasipoti hii, unaweza kujibana mwaka mzima na bado ukaambiwa hapana kwa karatasi ya ukurasa mmoja.

Unajua nini huondoa ada ya visa? Makubaliano ya serikali. Novemba 2022 Rais Ramaphosa alikuja Nairobi, yeye na Rais Ruto wakakubaliana, na kuanzia Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila visa kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Cheti cha homa ya manjano bado unabeba, na tiketi ya Cape Town bado ni pesa. Lakini mstari mzima wa bajeti ulifutika, pamoja na fomu zake na wasiwasi wake, na hakuna aliyelazimika kuacha chakula cha mchana. Kampala na Kigali unaingia kwa kitambulisho tu. Ndiyo maana ukiulizwa Kampala ni ngapi, unajibu moja kwa moja: basi, chumba, rolex, bodaboda. Hapo ndipo bajeti inayoanza na nauli inasema kweli.

Kuna atakayesema basi twendeni Kampala tuache maneno. Naipenda Kampala, nitarudi. Lakini kuichagua kwa kuipenda na kusukumwa huko na fomu si kitu kimoja.

Kwa hivyo nina madai matatu. Ajenti anayebandika bango la "Paris, kila kitu ndani" aandike kwa herufi kubwa zile zile pesa ambazo hazitarudi visa ikikataliwa. Anayetengeneza video za safari za bei rahisi aseme sekunde ya kwanza anasafiri kwa pasipoti ya nchi gani. Na wanasiasa wetu wanaopanda ndege kila wiki kwa pasipoti za kidiplomasia wahesabu ada za visa kama sehemu ya gharama ya maisha ya vijana, waziweke mezani wanapoenda kuzungumza biashara na Ulaya.

Nasi tuulizane vizuri. Mtu akitaka kujua Paris ni ngapi, mwambie bei mbili: ya kwenda, na ya kukataliwa. Kama hawezi kupoteza ile ya pili, afadhali ajue leo, pesa ikiwa bado mfukoni mwake.