Sindano ya Presha Haitaki Pupa

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita mwandishi wenu alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali moja, akimsubiri jamaa aliyelazwa. Mara akaletwa kwa teksi mama mmoja mtu mzima, ameshikwa mkono na mwanawe. Kichwa kilimuuma sana, na macho yake yalikuwa hayaoni vema. Mkanda wa kupimia ulipofungwa mkononi, ikaonekana kuwa presha yake ni 230 kwa 130. Daktari akaagiza achomwe sindano ya mshipani bila kuchelewa.

Baada ya nusu saa kijana yule akachungulia kipimo na kukuta kingali juu ya 200. Akapandwa na hasira.

"Sista, hii ni tiba gani? Mbona hamumwongezi dawa? Mnataka mama yangu afe?"

Muuguzi, mama wa makamo, hakumjibu kwa ukali. "Mwanangu," alisema, "presha ya mama haikupanda leo. Tukiiangusha yote kwa mara moja, tutaiangusha pamoja na mama mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo mada yetu ya Jumapili hii. Wengi wetu twaamini kwamba sindano iliyo bora ni ile ishushayo presha upesi hadi chini kabisa. Imani hiyo ni ya hatari, na yafaa tuiache kabla hatujafikishwa kwenye mlango wa chumba cha dharura.

Kwa nini polepole?

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa. Maji hupandishwa na pampu, na mabomba yake yameota kutu ndani kwa miaka mingi. Kwa kuwa njia imekuwa nyembamba, pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu ndipo maji yafike juu. Siku moja fundi anaipunguza nguvu pampu ile kwa ghafla. Mabomba yanapona, lakini ghorofa ya juu inakauka.

Ndivyo ulivyo mwili wa mtu aliyeishi na presha kubwa kwa miaka. Mishipa yake imekuwa minene na imezoea msukumo mkubwa. Ghorofa ya juu ni ubongo. Presha ikianguka kwa ghafla, damu haiufikii ubongo kwa kiasi cha kutosha, na mgonjwa aliyekuja akitembea aweza kupata kiharusi akiwa mikononi mwa waganga. Moyo na figo navyo hudhurika kwa njia hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayofuatwa kwa wagonjwa walio wengi ni kwamba katika saa ya kwanza presha isishushwe zaidi ya robo moja hivi. Katika saa 2 hadi 6 zifuatazo hushushwa hadi kukaribia 160 kwa 100, kisha hurejeshwa polepole kwenye hali ya kawaida kwa siku moja au mbili. Yako magonjwa machache yenye kanuni zake. Aliyechanika mshipa mkuu utokao moyoni hushushwa presha upesi zaidi. Mwenye kiharusi cha damu kuganda huweza kuachwa na presha ya juu kwa makusudi, mradi haijapita 220 kwa 120 na hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Jamaa wakiona hivyo hudhani mgonjwa wao ametelekezwa, kumbe analindwa.

Somo hili lilipatikana kwa gharama. Zamani ilikuwa desturi katika nchi nyingi kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi. Presha ilianguka kwa kasi isiyotabirika, na baadhi ya wagonjwa wakapata kiharusi au mshtuko wa moyo. Mwaka 1996 madaktari walioandika katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani walitaka desturi hiyo isitishwe. Basi, msomaji, jirani akikushauri kufanya hivyo nyumbani, usimsikilize.

Si kila presha kubwa ni ya sindano

Dharura haipimwi kwa namba peke yake. Presha iliyofika 180 kwa 120 au zaidi huwa dharura ya sindano pale inapoambatana na dalili za viungo kuumia: kichwa kikali pamoja na kuchanganyikiwa, macho kuingia giza, degedege, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini mtu mwenye namba kubwa asiye na dalili yoyote kwa kawaida hahitaji sindano. Hupumzishwa, hupimwa tena, na hupewa vidonge vya kuishusha presha kwa siku kadhaa. Daktari akikurudisha nyumbani na vidonge, usidhani amekudharau.

Dawa zenyewe na tahadhari zake

Mojawapo ya sindano hizo ni hidralazini. Huingizwa mshipani polepole, kwa kiasi kidogo. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 5 hadi 20, na nguvu yake hudumu kwa saa kadhaa. Anayeongeza dozi ya pili kwa pupa, kabla ya ya kwanza kuonyesha nguvu yake, hujikuta na dozi mbili zikifanya kazi kwa pamoja, wala hawezi kuzirudisha. Huweza kuleta maumivu ya kichwa, uso kuwaka joto na moyo kwenda mbio.

Nyingine ni labetaloli. Hii haimfai mwenye pumu, kwani yaweza kumbana kifua, wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole mno. Anayechomwa hulazwa chali, na hukatazwa kusimama kwa muda wa hadi saa 3, kwa maana akisimama aweza kuzimia.

Mama mjamzito

Hapa roho mbili zimo hatarini. Mjamzito, au aliyejifungua karibuni, akifikisha presha ya 160 kwa 110 hutibiwa bila kukawia, maana kiharusi na kifafa cha mimba vipo mlangoni. Lakini presha yake nayo ikiangushwa mno, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua na mtoto huishiwa hewa. Ndiyo sababu wakunga hupima presha ya mama mara kwa mara na kusikiliza moyo wa mtoto.

Aidha, msichanganye dawa ya presha na sindano ya magnesiamu salfeti. Hii ya pili huzuia degedege. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Mama aweza kuhitaji zote mbili.

Wajibu wetu sisi jamaa

Kwanza, njoo na vidonge vyote anavyotumia mgonjwa vikiwa katika pakiti zake, pamoja na mitishamba kama ipo. Pili, sema mapema kama ana pumu, ugonjwa wa moyo au wa figo, au kama ana mimba. Tatu, usiguse kamwe kidude cha kuongeza au kupunguza dripu, hata ukiona matone yanakawia. Nne, usimwinue mgonjwa kwenda msalani bila idhini ya muuguzi. Omba chombo cha haja aletewe kitandani. Tano, mgonjwa akitokwa jasho jingi, akilegea au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mwite muuguzi mara moja.

Na si utovu wa adabu kuuliza kwa upole, "Dawa hii ni ya nini, na atapimwa tena saa ngapi?" Presha ya mgonjwa wa namna hii hupimwa kila baada ya dakika chache mwanzoni. Ukiona muda mrefu umepita bila kupimwa, kumbusha.

Nirudi kwa mama yule. Kufikia usiku presha yake ilikuwa 165 kwa 100, kichwa kimetulia, na alimwita mwanawe kwa jina. Daktari alipouliza juu ya vidonge vyake, kijana aliinamisha kichwa. Vilikuwa kabatini tangu miezi miwili iliyopita. Mama aliviacha kwa kuwa alijiona mzima, na hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwulize mzazi wako, au mwenzako, kama amemeza vidonge vyake leo. Swali hilo halina gharama, nalo laweza kumwepusha na safari ya usiku ya kufuata sindano.