Wageni Wakishaondoka, Nani Anakesha na Mgonjwa?

Utaratibu tumeshauzoea. Madaktari bingwa kutoka ng'ambo wanawasili, mabango yanatundikwa, mkuu wa mkoa anahutubia, kamera zinamulika. Wiki nzima watu wanapasuliwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Ijumaa wageni wanavishwa vitenge, wanapanda ndege. Tunatangaziwa waliopasuliwa ni wangapi. Walio hai mwezi mmoja baadaye ni wangapi? Hakuna anayetangaza, maana hakuna aliyehesabu.

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika. Wagonjwa waliopasuliwa walikufa kwa kiwango mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana wasio na maradhi mengine. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Kisu kilifanya kazi yake. Wodi ndiyo iliyoua.

Na wodi zetu tunazijua. Saa nane usiku, muuguzi mmoja na wagonjwa thelathini. Mashine ya presha ni ya kuazimana, mtungi wa oksijeni umekwisha, ufunguo wa stoo kaondoka nao mtu wa zamu ya mchana. Mgonjwa anavuja damu ndani kwa ndani. Atagunduliwa alfajiri, kesha poa.

Ushirikiano wa kweli upo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi ya WHO: taja jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, hesabu vitambaa kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja! COSECSA nacho, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, kinashirikiana na wapasuaji wenzao wa Ireland kumfundisha daktari hukohuko hospitalini kwake. Huyo ndiye atakayeamshwa usiku.

Basi mkataba wowote wa ushirikiano usio na mafunzo ya wauguzi, fundi wa mashine na hesabu ya walio hai siku ya 30, usisainiwe. Serikali nayo isijifiche nyuma ya mfadhili: kuajiri muuguzi wa usiku ni wajibu wake. Mganga mkuu, mgeni akiyakataa masharti hayo, mshukuru kwa nia njema, kisha msindikize uwanja wa ndege.